Ufa kwenye kayaki ya plastiki: gundi ipi ununue ukiwa Mbeya

"Inashika kila kitu, kaka."

Ndivyo alivyoniambia kijana wa duka la vifaa vya ujenzi pale Mwanjelwa, kichupa cha supa glu kikiwa kati ya vidole vyake viwili. Mfukoni nilikuwa na vipande viwili vya plastiki nilivyovikata kwenye ukingo wa kiti cha kayaki yangu. Nikamwomba tujaribu hapo hapo juu ya meza. Akadondosha, akabana, tukasubiri huku akihudumia wateja wa misumari. Alipovishika ili avikague, vikaachana vyenyewe, na ile gundi ikabanduka nzima kama ganda la yai la kuchemsha. Tukacheka wote wawili. Kisha akaniuzia gundi nyingine, ambayo nayo ilidumu wikendi moja.

Kayaki yenyewe ni ya mkono wa pili, ya mtu mmoja, na kazi yake kubwa ni Matema, Ziwa Nyasa. Ufa ulikuwa wa sentimita 11, chini kidogo nyuma ya kiti. Sikuugonga mwamba wowote. Ulitokana na kuiburuza kwenye kokoto za upande wa Lyulilo, na kuifunga juu ya gari kwa mikanda iliyokazwa kupita kiasi, kisha kushuka nayo kutoka Mbeya hadi ziwani huku jua likiipiga. Kama ufa wako uko sehemu hiyo hiyo, nadhani sababu unaijua.

Kabla pesa haijatoka

Geuza chombo utafute alama ya pembetatu yenye namba. Namba 2 ni polietilini nzito, 4 ni polietilini nyepesi. Kayaki nyingi za bei ya kawaida ni za jamii hii: unga wa plastiki humiminwa ndani ya kalibu, kalibu ikazungushwa kwenye tanuri mpaka unga uyeyuke na kujipaka kuta zote. Simtanki nyuma ya nyumba yako limetengenezwa kwa namna ile ile, kwa hiyo mengi ya humu yanalihusu nalo.

Alama isipoonekana, kwangua unyuzi mwembamba kwa kisu, uutie kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni. Ukielea, una polietilini au nduguye polipropilini. Ukizama, huenda ni ABS (plastiki nyingine isiyo na tabia ya nta) au faiba, na hapo una bahati: isugue kwa msasa, nunua epoksi yoyote nzuri, yaani gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa, usihangaike na habari za moto zinazofuata.

Tatizo la polietilini ni kwamba ina tabia ya nta. Imwagie maji uone yanavyojikusanya matone na kuteleza, kama maji juu ya jani la gimbi. Gundi nayo hufanya vivyo hivyo: inakaa juu, inakauka, inaonekana imeshika, na siku chombo kikijikunja inabanduka. Si kwamba gundi ni feki, ingawa feki nazo zipo. Hakuna ilichokamata.

Dawa yake ni mwali. Mwali wa bluu wa tochi ya gesi ukipitishwa haraka juu ya plastiki, oksijeni hujishika kwenye ngozi yake ya juu na gundi hupata pa kukamatia. Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua si gundi. Ni ile tochi ndogo ya gesi wanayotumia mafundi wa friji. Ukiambiwa na mtu yeyote kwamba msasa peke yake unatosha kwa plastiki hii, muulize yake ilidumu muda gani.

Nafasi ya kwanza: epoksi inayonyumbuka

Ninayoitumia ni G/flex ya West System, ya kutoka Michigan, Marekani. Kwenye rafu za Mbeya sijaikuta. Niliagizia kwa ndugu aliyekuwa akirudi kutoka Afrika Kusini. Bei yake itakuumiza ukiilinganisha na mirija ya dukani, na bado naiweka juu.

Sababu ni moja. Ukikaa kwenye kayaki, sakafu yake inajikunja. Ukishuka inarudi. Wimbi likipiga inajikunja tena. Epoksi ya kawaida ikikauka huwa kama kioo: ngumu, nzuri kwa chuma na mbao, lakini plastiki iliyo chini yake inacheza, yenyewe haichezi. Mmoja lazima aachie. Hii nyingine imetengenezwa ijikunje pamoja na chombo. Tena mchanganyiko wake ni moja kwa moja, sehemu sawa za resini na kigumishi, kwa hiyo huhitaji mizani.

Hapa kwetu kuna jambo ambalo maelezo ya kwenye chupa hayalisemi kwa sauti ya kutosha. Mtengenezaji anatoa dakika 46 kabla mchanganyiko haujaganda kikombeni, kwenye joto la nyuzi 22. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, usiku wa mwezi wa saba ni habari nyingine kabisa. Nilipaka jioni barazani, asubuhi nikaikuta inanata kama ulimbo. Ilibidi niingize kayaki sebuleni, siku mbili, na maneno niliyoyasikia kwa mama watoto sitayaandika. Matema nako, ambako ziwa liko kwenye mita 500 tu na mchana ni moto, mchanganyiko ule ule unakukimbia mkononi. Hesabu ya mafundi ni kwamba joto likipanda nyuzi 10, muda unapungua karibu nusu. Changanya kidogo kidogo, tena utandaze kwenye kigae au sahani bapa. Ikirundikana kikombeni inajipasha joto yenyewe na kuganda kabla hujafika nusu ya ufa.

Nafasi ya pili: kumlipa fundi achomelee

Hii si gundi, lakini ni pesa ile ile, kwa hiyo naipanga hapa. Polietilini ikipashwa kuanzia kama nyuzi 110 hadi 130 inayeyuka, na kipande cha plastiki ile ile kikiyeyushwa juu ya ufa vinakuwa kitu kimoja. Ikifanywa vizuri inashinda gundi yoyote. Nimeishusha ya pili kwa sababu ya neno hilo, vizuri. Gundi ukiikosea unakwangua unaanza upya. Moto ukiukosea umetoboa chombo.

Angalia fundi anatumia nini kujazia. Mafundi wa bampa za magari ni hodari, lakini bampa nyingi ni polipropilini, na ujiti wao haushikani na kayaki hata moshi ukitoka. Tafuta anayetengeneza simtanki. Au nenda na plastiki yako mwenyewe: fundi bomba akitoboa simtanki ili aweke koki, kile kisahani kinachobaki huwa kinatupwa. Kiombe. Ukikikata nyuzi nyembamba una ujiti wa jamii ile ile uliotengenezwa kwa njia ile ile. Ukiona plastiki inafuka moshi, mwambie apunguze. Hapo haiyeyuki tena, inaungua.

Kuna kayaki chache, hasa za zamani, ambazo polietilini yake imefungamanishwa kiwandani na haiyeyuki tena. Jaribu chuma cha moto mahali pasipoonekana. Isipolainika ikawa kimiminiko kizito, rudi kwenye nafasi ya kwanza.

Nafasi ya tatu: Araldite ya mirija miwili

Hii ni epoksi ya kawaida. Inapatikana, na bei yake inabebeka. Chukua ile ya kukauka taratibu. Ya haraka inaanza kuganda kwa kama dakika 5, na ufa wa sentimita 11 huumalizi, hasa ukiwa na mikono inayotetemeka kwa kuogopa kuharibu. Ukipitisha moto na kuweka kitambaa cha faiba pande zote mbili, itafaa kwenye pua, kwenye ukingo, au juu ya sitaha, sehemu zisizojikunja. Chini ya kiti isikupe imani. Yangu ya wikendi moja ilikuwa hii hii, na kosa lilikuwa langu: sikupitisha moto.

Ile epoksi ya kukanda kama udongo ni ya kundi hili, ila ni ngumu zaidi. Kwa bomba sawa.

Ipo pia gundi ya akriliki ya 3M iitwayo DP8010, iliyotengenezwa mahususi kwa plastiki zenye tabia ya nta, na haihitaji moto. Inataka bunduki yake maalumu na inakupa dakika 10 tu. Mwenye kayaki kumi za kukodisha aifikirie. Kwa ufa mmoja ni gharama ya bure.

Za kuacha dukani

Tepu ya lami, ile ya kuzibia paa, iweke kwenye begi kwa dharura ya kukurudisha ufukweni, basi. Gundi ya mabomba ya PVC hufanya kazi kwa kuyeyusha PVC, polietilini haiyeyushi. Supa glu umeshaisikia.

Silikoni ndiyo ninayoichukia kuliko zote. Haishiki, na mbaya zaidi inaacha utando ambao gundi nzuri utakayoinunua baadaye nayo haitaushika. Kama mtu ameshakupakia, tenga saa nzima ya kukwangua hadi kwenye plastiki mpya.

Vya kununua pamoja na gundi

Msasa namba 80, glovu, vitambaa safi, na spiriti isiyo na mafuta. Glovu si mapambo, maana kigumishi cha epoksi kinaweza kukuachia mzio wa ngozi usioondoka. Ukijipaka, osha kwa sabuni, usitumie thina.

Drili ni ya kuazima. Toboa tundu la milimita 3 hadi 5 kila mwisho wa ufa, la sivyo utaziba leo na ufa uendelee mbele ya kiraka chako kesho. Kisha panua mdomo wa ufa uwe kama herufi V, sugua, futa kwa spiriti, subiri ikauke kabisa kabla hujawasha chochote. Ncha ya mwali iguse plastiki kidogo tu ikitembea, kama sentimita 30 hadi 40 kwa sekunde. Plastiki isibadilike rangi wala kung'aa. Nyunyiza maji: yakitandaa badala ya kujikusanya, umepatia. Kausha, paka ndani ya nusu saa. Ikishakauka ipake rangi, maana jua hula epoksi.

Ipe gundi siku nzima kabla hujaikalia kayaki. Kwenye baridi ya Mbeya ipe mbili. Kisha mimina maji ndani ya kayaki ikiwa nchi kavu juu ya matofali, uangalie chini kama panadondoka. Ufa wangu haudondoshi, lakini kila nikifika Matema naupapasa kwanza kabla sijaishusha.

Kwa simtanki la maji ya kunywa, ruka gundi zote hizi uende moja kwa moja kwa fundi wa kuchomelea, na kile kisahani mkononi.