Nimesubiri miaka zaidi ya 20, fundi mitambo kasahau gitaa

Naanza na fundi mitambo, yule wa kupanga sauti ukumbini, kwa sababu ndiye aliyeniharibia usiku wa onyesho la bendi niliyoisubiri miaka yote hiyo. Jina la bendi nabaki nalo. Wale jamaa bado nawapenda, na kosa halikuwa lao.

Niliwajulia kwenye kanda, zile tulizokuwa tukizirudisha nyuma kwa kalamu ili kubana betri. Walivunjika kabla sijawaona hata mara moja, nikajua basi tena. Halafu Pixies, bendi ya roki ya Marekani waliovunjika 1993, wakarudi jukwaani 2004, na tangu hapo kila nikisikia kundi la enzi zile limerudi najisemea, na hawa zamu yao ipo. Ikafika. Ni wiki kadhaa sasa, Ijumaa kama sikosei.

Nilijipanga kando ya meza ya fundi. Wenye uzoefu tunapapenda pale, maana sauti anaipima kwa masikio yake akiwa palepale. Taa zikazimwa, gitaa la kwanza likaanza taratibu, vinyweleo vikanisimama. Muziki ule una mchezo wake: ubeti unanong'ona, kibwagizo kinalipuka. Kurt Cobain wa Nirvana mwenyewe alikiri kwamba alikuwa akijaribu kuwaiga Pixies. Kwa bendi hii mlipuko wote uko kwenye gitaa la pili. Jamaa anakanyaga pedali ya gitaa, nanyi mnaangukiwa na ukuta wa sauti.

Nikamwona anainama. Akakanyaga. Mkono ukashuka kwenye nyuzi kwa nguvu zote, na hakuna kilichotoka. Ngoma zipo, besi ipo, ila yeye ni kama televisheni iliyozimwa sauti.

Wimbo wa kwanza nikasamehe. Wa pili nikageuka kumtazama fundi. Bwana yule alikuwa na simu, uso wote umepigwa na mwanga wa buluu, kidole gumba kinapandisha picha moja baada ya nyingine. Mpiga gitaa simlaumu: spika yake iko mgongoni, anajisikia vizuri tu, atajuaje kwamba huku hatupati kitu? Wa kujua ni huyu wa mezani, ndiyo kazi aliyoitiwa.

Wimbo wa tatu nikainama juu ya kizuizi. "Kaka, gitaa la kulia halisikiki." Kimya. Nikarudia kwa sauti. Akanipandisha na kunishusha kuanzia mvi hadi viatu, akasema, "Mzee, hayo ni masikio yako. Viti viko nyuma."

Masikio yangu! Mimi ambaye solo ile naweza kukupigia kwa mdomo, na pale kidole kinapoteleza nikatelezesha! Kijana wa pembeni akacheka. Sijui alicheka nini, naye alikuwa hasikii gitaa vilevile.

Ilikuwa wimbo wa tano, katikati ya kibwagizo, alipoweka simu chini, akatazama meza yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona, akasukuma kiswichi kimoja juu. Kimoja tu. Gitaa likatuangukia, ukumbi mzima ukapiga yowe, naye akatikisa kichwa kwa kuridhika utadhani wimbo kautunga yeye.

Nikiri tu kwamba kuanzia hapo nililia. Mwimbaji sauti imeshuka, nyimbo wamezishusha ufunguo, pale pa kupiga kelele anatuachia sisi, na bado nililia. Nilikuwa nimeapa kutoa nyota moja, ila nikikumbuka ile nusu saa ya mwisho naona niwape nne. Hata tano, watu wazima wale walitoka jasho.

Lakini wimbo wa pili, ule alioumeza fundi kwa kidole gumba chake, ndio niliokuwa nao kwenye kanda upande A, ndio ulionitoa nyumbani. Hawakuurudia. Nyota mbili. Na wakitangaza tena nitakata tiketi siku hiyohiyo, nisimame palepale mezani.