Kliniki ya meno iliyomwondolea binti yangu hofu

Binti yangu wa miaka 5 aliogopa madaktari wa meno tangu alipong'olewa jino kwingineko, kwa hiyo nilimpeleka katika kliniki hii ya Kinondoni nikiwa na wasiwasi mwingi. Daktari hakuanza na kinywa. Alimweleza kila kifaa, akazungusha brashi juu ya ukucha wake, na mtoto alipotulia ndipo akampaka meno floridi, madini yanayokinga meno yasioze, ambayo hurudiwa baada ya miezi 6. Nami alinielekeza kwa upole: dawa ya meno yenye floridi isizidi punje ya njegere, mtoto ateme bila kusukutua, na baada ya mswaki wa usiku asipewe chai ya sukari. Tulisubiri muda mrefu, lakini tutarudi.