Programu ya ramani za uchaguzi wa Marekani: nimefuatilia Florida nayo, nyota 4

Jamani hii programu nimekaa nayo tangu matokeo ya Novemba 2024 yatoke, jina silitaji kwa sababu kuna vitu vimeniudhi na nitavisema, ila pesa yangu sijutii.

Ramani nyingi ukifungua unakuta rangi mbili tu, nyekundu Republican, bluu Democrat, basi. Sasa hiyo inakusaidia nini ukitaka kujua jimbo linaelekea wapi? Bush alichukua Florida mwaka 2000 kwa kura 537, Trump kaichukua 2024 kwa pointi 13 za asilimia, na wote wanapakwa nyekundu ileile. Hii ina kitufe cha kulinganisha na uchaguzi uliopita, ukibonyeza kila kaunti inatoa mshale, mrefu au mfupi kulingana na pengo lilivyosogea, na chini kuna mstari wa miaka unauvuta kwa kidole. Huo mstari ndo umenifanya nilipie.

Gusa Miami-Dade, kaunti yenye jiji la Miami, uone. 2016 Hillary Clinton wa Democrat yuko juu kwa pointi kama 29. Vuta hadi 2020, Biden bado anaongoza lakini pointi 7 tu, na huo ni mwaka alioshinda urais! Vuta 2024, Trump kwa pointi 11, wakati mgombea urais wa Republican mara ya mwisho kushinda pale ilikuwa 1988. Nimerudia hiyo sijui mara ngapi. Kwahiyo anayesema Florida imegeuka ghafla hajaangalia, na wanaosema ni Wamarekani wenye asili ya Kuba wa Miami peke yao waliohamia Republican wapande juu hadi kaunti ya Osceola, karibu na Orlando, wanakoishi Wapuertoriko wengi, nako Trump kabeba. Au toka kabisa Florida nenda kaunti ya Starr, Texas, mpakani na Mexico, karibu watu wote pale ni Walatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini: Clinton pointi 60, Biden 5, halafu Trump 16. Republican hakuwa ameshinda urais pale tangu 1892.

Kitu kingine nilichokipenda mno, ukishikilia kidole kwenye kaunti zinatoka kura zenyewe badala ya asilimia. Miami-Dade Biden 2020 alipata kama 618,000, Kamala Harris, mgombea wa Democrat 2024, kama 480,000. Trump naye katoka 533,000 hivi kufika 605,000. Piga hesabu, Democrat wamepoteza karibu mara mbili ya alichoongeza Trump, yaani sio wote waliohama chama, wengi hawakutokea kabisa kwenye kupiga kura, na mshale peke yake usingekuambia hilo.

Sasa kilichoniudhi. Kuna ukurasa wa wapiga kura walioandikishwa kwa chama. Florida sawa, kule mtu anajiandikisha na chama chake, ingawa hawaelezi kwamba kuna waliowekwa kwenye orodha ya "inactive", yaani bado wameandikishwa ila hawahesabiwi, kwahiyo chama kinaweza kupungua kwenye hesabu bila mtu hata mmoja kuhamia upande wa pili. Lakini Texas hakuna kujiandikisha kwa chama! Na bado wameweka namba, kwa maandishi yaleyale, rangi zilezile, bila kusema kwamba ni makadirio. Mtu anaichukua hiyo anakwenda kubishana nayo. Niliwaandikia, wakajibu baada ya wiki mbili kwamba wataangalia, mpaka leo iko vilevile.

Halafu wanaishia kwenye urais tu. Desemba 2025 Eileen Higgins wa Democrat kashinda umeya wa jiji la Miami, nikakimbilia kufungua nione mitaa ipi imerudi, hola, mstari unagota 2024. Najua kura za umeya watu wanaojitokeza ni wachache na huwezi kuzilinganisha moja kwa moja na za urais, lakini ziwekeni jamani, hata kwenye ukurasa wa pembeni.

Ukiichukua tumia kompyuta, kwenye simu mishale ya kaunti ndogo inapandana husomi kitu.