Askari wa Shuleni au wa Doria: Kazi Ipi Ikufae?

Nchini Marekani, ambako mpango wa askari wa shuleni, yaani polisi wanaopangiwa kazi ndani ya shule, ulianzia Flint, Michigan, katika miaka ya 1950, polisi wengi hujiuliza: nibaki doria au niombe kuhamia shuleni?

Kwa ratiba, shule inashinda bila ubishi. Unafanya kazi mchana, siku za masomo. Doria ina zamu za usiku, wikendi na sikukuu. Mshahara kwa kawaida haupishani sana, maana mara nyingi mwajiri ni idara ileile ya polisi.

Uhakika wa nafasi ndio unaonitia wasiwasi. Doria haifutwi. Nafasi ya shuleni mara nyingi hutegemea mkataba kati ya shule na polisi, na mikataba huvunjika: Juni 2020, baada ya George Floyd, mtu mweusi, kuuawa na polisi wa Minneapolis, bodi ya shule za jiji hilo ilisitisha wake.

Kubwa zaidi ni hulka ya kazi yenyewe. Wa doria aghalabu hukutana na mtu mara moja tu, katika saa mbaya ya maisha yake. Wa shuleni humwona mtoto yuleyule kila siku, mwaka hadi mwaka, hivyo lazima ajue ni fujo ipi ya kumwachia mwalimu mkuu na ipi inahitaji pingu. Akikosea hapo, mtoto anaweza kubaki na rekodi ya jinai kwa sababu ya utundu tu. Kama huna subira na vijana, tafadhali baki doria. Kama unayo, na familia inakuhitaji jioni, omba shule. Ila usiache ujuzi wa doria ufe, kwani huenda ukarudishwa.