Queen II upande mweusi, na santuri nyingine za rock nisizochoka kuzirudia

Nikiulizwa mtu aanze na santuri ipi ya bendi ya Queen, najibu Queen II, na hakosekani wa kunibishia. Wengi humpeleka mgeni kwenye mkusanyiko wa nyimbo zilizovuma, basi. Mkusanyiko unafaa kwenye gari, sikatai. Lakini bendi za miaka ya 1970 hazikupanga nyimbo tu, zilipanga pande. Dakika ishirini na kitu, unanyanyuka, unageuza sahani, unaanza upya. Santuri ninazozipenda ni za watu waliolijua hilo na wakalitumia.

Queen II ilitoka Machi 1974 na haina upande A wala B. Ina upande mweupe na upande mweusi. Ule mweupe karibu wote ni wa mpiga gitaa Brian May, isipokuwa wimbo wa mwisho, ambao ni wa mpiga ngoma Roger Taylor. Ni mzuri, ila wimbo huo wa mwisho mimi huuvumilia tu. Mweusi ni nyimbo sita, zote za mwimbaji Freddie Mercury, na hapo ndipo kazi ilipo. Ogre Battle inaanza kwa kanda iliyochezwa kinyumenyume, magitaa na mayowe vikija kutoka mbali, halafu ghafla vimekujaa usoni. Inaingia moja kwa moja kwenye The Fairy Feller's Master-Stroke, aliyoitunga kutokana na mchoro wa Richard Dadd uliopo kwenye jumba la sanaa la Tate, London. Kisha Nevermore, dakika moja na ushee ya piano na sauti, na kabla hujavuta pumzi imeingia The March of the Black Queen: zaidi ya dakika sita za kugeuza kasi na kurundika sauti juu ya sauti. Bohemian Rhapsody, wimbo wao maarufu, ilikuwa bado mwaka mmoja na nusu kufika, lakini ukisikiliza vizuri imeshaanza kuchipua humo. Ukisikiliza kwenye simu, ikitia hata nusu sekunde ya kimya kati ya wimbo na wimbo, utamu wote umekatika.

Sisi wa huku tuna tabia moja kuhusu Freddie. Tunajua alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi, na kwamba familia iliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964. Tunajua Shangani kuna makumbusho yake. Tukishasema "ni wetu yule", mazungumzo yameisha, na muziki wenyewe hatujaugusa. Ukweli usemwe, ningependa tubishane zaidi kuhusu alivyopanga sauti na tupunguze kubishana kuhusu nyumba aliyoishi.

Ila neno moja lake limenisaidia nyumbani. Mjomba, ambaye kwake rock ni kelele za watu waliokosa kazi, alikuwa anasoma gazeti siku niliyoweka A Night at the Opera, albamu nyingine ya Queen. Ilipofika "Bismillah" ya Bohemian Rhapsody akainua kichwa.

"Huyo kasema nini?"

"Kasema Bismillah, mjomba. Mtoto wa Unguja huyo."

"Hebu rudisha."

Nikarudisha. Gazeti hakulishika tena mpaka upande ukaisha.

Albamu hiyo, ya Novemba 1975, ina kasoro ambayo mwenye santuri lazima aijue. Sahani huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika mwanzo hadi mwisho, lakini pembeni kabisa sindano hupita kama sentimita 50 za mfereji kwa sekunde, na karibu na lebo ni kama 20 tu. Muziki uleule unabanwa kwenye nafasi ndogo, na wa kwanza kuumia ni sauti nyembamba. Sasa wao Bohemian Rhapsody wameiweka mwishoni mwa upande B, ikifuatiwa na wimbo wa taifa wa Uingereza peke yake. Kwa hiyo ile kwaya nzito iko mahali pabaya kuliko pote. Kwenye nakala yangu kila "s" ilikuwa inatoka kama mafuta yanayokaangiwa samaki. Nilibadilisha katriji, kile kipande kinachoshika sindano, nikatia sindano yenye ncha nyembamba zaidi, kwaya ikatulia, si kabisa lakini inasikilizika. Kabla ya kuilaumu sahani, angalia sindano.

The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, Machi 1973, ndiyo inayoutumia mgeuzo vizuri kuliko zote nilizonazo. Upande wa kwanza unaishia kwa The Great Gig in the Sky, ambamo Clare Torry anaimba bila neno hata moja, analia, anashuka, ananong'ona. Alilipwa pauni 30. Baadaye alikwenda mahakamani, wakapatana mwaka 2005, na jina lake sasa limo kama mtunzi mwenza. Wimbo ukiisha, kimya. Huwezi kukimbilia kugeuza, mimi siwezi. Ukishageuza unapokewa na mlio wa sarafu na mashine ya kuhesabia fedha dukani, mdundo wa kuhesabu saba badala ya nne, na bendi inakuuzia wimbo kuhusu pesa. Kwenye simu sarafu zinamwagika kabla machozi ya yule mama hayajakauka. Ni kukosa adabu.

Led Zeppelin IV sitaikalia sana kwa sababu Stairway to Heaven kila mtu ana lake. Mimi naitakia wimbo wa mwisho wa upande wa pili, When the Levee Breaks. Ngoma za mpiga ngoma wao John Bonham ziliwekwa chini kwenye ukumbi wa ngazi za nyumba ya Headley Grange, maikrofoni zikaning'inizwa juu ghorofani, na nyumba nzima ikageuka sehemu ya ngoma. Vioo vya kabati langu vinajua. Ukitaka kupima spika kabla ya kununua, nenda na hiyo.

Kwa anayetaka kuanza kukusanya akiwa Dar au popote pwani: joto na unyevu ndio maadui wako, mikwaruzo inafuata. Sahani isimame wima, mbali na dirisha, na jalada lipate hewa maana koga haikawii. Usidanganywe na maneno ya "gramu 180". Uzito huo unasaidia sahani isipinde haraka, lakini sauti inategemea aliyekata mfereji na kanda aliyoitumia. Muuzaji mmoja wa mtandaoni, simtaji, aliniuzia "kama mpya" iliyofika imepinda kiasi kwamba sindano ilikuwa inapanda na kushuka, na baada ya hapo hakujibu tena. Tangu hapo naomba picha ya sahani yenyewe chini ya taa. Picha ya jalada hainitoshi.

Nisifanye kama pande mbili ni baraka tupu. Rumours ya Fleetwood Mac, 1977, naipa alama za juu karibu kote, lakini Silver Springs, wimbo wa mwimbaji wao Stevie Nicks, haumo. Ni wimbo mrefu, na nafasi kwenye mifereji ilikuwa finyu. Ukiongeza dakika lazima upunguze sauti na besi. Ukaondolewa, Stevie akakasirika sana, ukatupwa nyuma ya sahani ndogo ya wimbo mmoja mmoja kila upande, ya Go Your Own Way. Kwa masikio yangu unaishinda nusu ya nyimbo zilizobaki, na I Don't Want to Know iliyochukua nafasi yake ni nyepesi mno. Nimetafuta ile sahani ndogo kwa ajili ya mgongo wake tu. Inazunguka mara 45, mfereji una nafasi ya kujinyoosha, na sauti ya Stevie inatoka imejaa kuliko popote kwenye albamu.