Tahadhari: "dawa ya taa" ya dakika tano hapa Nakuru

Wenye magari wa Nakuru, pamoja na ninyi mnaopitia hapa kwenda Kericho na Kisumu: kuna vijana wawili wanazunguka kwenye maegesho ya mjini na chupa ya kupulizia isiyo na lebo, kitambaa cha manjano na maneno matamu ya kung'arisha taa zilizofifia. Ukiwaona wanasogelea taa za gari lako, washa uondoke. Mimi sikuondoka, ndiyo maana naandika.

Kwanza hawaulizi. Nilikuwa nimeingia dukani kununua mkate, kutoka nikamkuta mmoja amechuchumaa mbele ya Fielder yangu anasugua taa ya kushoto. "Mkubwa, hebu ona kwanza, hii ni bure." Na kweli, taa ambayo kwa miaka mitatu imekuwa na rangi ya chai ya maziwa ilikuwa inang'aa kama gilasi mpya. Ya kulia imebaki vilevile. Sasa utaendesha gari lenye chongo? Mtego wenyewe ndio huo. Kusafisha ya pili ni shilingi 1,500, eti na waranti ya miaka miwili. Nikamshusha hadi 1,200, nikajiona mjanja, nikatuma kwa M-Pesa. Jina lililotokea kwenye ujumbe lilikuwa la mwanamke. Akasema ni laini ya dada yake. Nikakubali! Mtu mzima na akili zangu.

Kuna kitu nilikisikia nikakipuuza: harufu. Taa zilinukia kama bweni la shule msimu wa mbu.

Ule mng'ao ulidumu siku nne na mvua moja. Ijumaa usiku nilikuwa natoka Mau Summit naelekea Kericho, mvua inanyesha, ukungu umelala juu ya lami. Nikawasha taa za ful, mwanga ukatawanyika palepale mbele ya boneti badala ya kwenda barabarani. Kulikuwa na lori limeharibika, na dereva alikuwa ametandaza matawi nyuma yake kama ilivyo desturi yetu. Matawi niliyasikia chini ya gari kabla sijayaona. Nilisimama, namshukuru Mungu, nafasi ikiwa imebaki ya mtu kupita kiubavu. Mke wangu hakusema neno mpaka tulipofika Kericho, na anayemjua anajua huo ni uzito gani.

Asubuhi yake Kisumu nikaangalia taa vizuri. Umanjano umerudi wote, na juu yake kuna nyufa nyembamba ambazo hazikuwepo, kama utando wa buibui. Nikapiga ile simu ya waranti. Samahani, mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Ndivyo ilivyo hadi leo.

Shemeji yangu akanipeleka kwa fundi wa rangi karibu na Kibuye. Fundi akainama, akapitisha kucha juu ya taa, akanusa, akaanza kucheka. "Omera, hawa wamekupaka dawa ya mbu." Kumbe ile dawa ya kujipaka yenye DEET, kemikali ya kufukuza mbu, huyeyusha kidogo uso wa plastiki, mikwaruzo inajifunika, taa inaonekana mpya. Kuna wanaotumia thina, na hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu hupasua plastiki yenyewe.

Alivyonieleza ni hivi. Taa za magari yetu haya si kioo, ni plastiki ya polikaboneti. Kiwandani huipaka tabaka gumu la kuikinga na mikwaruzo na miale ya urujuanimno. Jua linalila tabaka hilo pole pole, na jua letu mnalijua: tuko karibu na ikweta, na Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Kinga ikishaisha, plastiki inageuka manjano. Kwa hiyo kazi ni mbili tu, kuondoa tabaka lililooza na kuweka jingine.

Na hapa ndipo nataka mshike. Taa ikitengenezwa kweli, lazima iharibike kwanza mbele ya macho yako. Fundi alizungushia tepu kulinda rangi ya gari, akachukua msasa wa maji namba 600, na maji yakaanza kutiririka kwenye bampa, manjano mazito kama uji wa wimbi uliochanganywa na maziwa. Alipopangusa, taa ilikuwa nyeupe kabisa, haionyeshi ndani, kama dirisha la bafu. Moyo ulinishtuka. Akapanda misasa laini zaidi, namba 1000, halafu 2000, akakausha, akavaa barakoa, akapuliza kliya ya magari, yaani rangi angavu ya kinga, ile inayochanganywa na dawa ya kuikausha. Nikaona balbu inajitokeza taratibu kama mtu anayetoka kwenye moshi. Kazi ilichukua asubuhi nzima, shilingi 2,500 taa zote mbili. Nyufa chache za kushoto zilikuwa zimezama sana; mpaka leo ukiinama utaziona.

Kabla hujampa mtu yeyote kazi, mwaga maji kidogo juu ya taa. Ikionekana safi ikiwa imelowa, ukungu uko nje na unasugulika. Ikibaki vilevile, uchafu au unyevu uko ndani, na hakuna msasa wa kuufikia. Hapo ni kuifungua taa au kutafuta nyingine. Ile ya dawa ya meno mnayoambiana inasugua kidogo, sikatai, lakini haiachi kinga yoyote, kwa hiyo baada ya wiki chache utarudi kuwanunulia watoto nyingine.

Nimeulizwa kama nimeripoti polisi. Kwa 1,200 na namba iliyozimwa, bado natafuta muda. Ila Jumamosi iliyopita niliwaona wamehamia upande wa barabara ya Nyahururu, chupa ileile, kitambaa kilekile. Mmoja alikuwa amechuchumaa mbele ya Probox ya mzee fulani, ameshamaliza taa ya kushoto. Nilisimamisha gari katikati ya njia, matatu zikinipigia honi, nikampigia mzee kelele kupitia dirishani aangalie mfuko wake.