Halloween ya kwenye mabuti ya magari: sirudi tena (nadhani)

Mwenzenu bado nina hasira na wiki kadhaa zimeshapita. Halloween ni ile sikukuu ya mwisho wa Oktoba, watoto wanavaa mavazi ya kuigiza na kuomba pipi nyumba kwa nyumba. Naongelea ile ya paking ambayo kila mzazi hapa Minnesota, Marekani, anaisifia, watu wanapanga magari kwenye uwanja wa kanisa, wanafungua mabuti, wanayapamba utando wa buibui na mifupa ya plastiki, watoto wanapita gari hadi gari wanawekewa pipi, basi mmemaliza, hakuna kubisha hodi kwa watu msiowajua gizani.

Na mimi ndo nilikuwa mpiga debe wake. Kwanza baridi, kazini kwetu kuna mzee kila Oktoba lazima asimulie theluji ya Halloween ya 1991, zaidi ya sentimita 70 hapa Minneapolis. Pili, binti yangu mdogo ana aleji ya karanga, ile mbaya ya kutembea na sindano ya adrenalini kwenye pochi, nikasema bora paking moja ninapoona kila kitu kuliko milango arobaini.

Sasa sikilizeni. Gari la tano au la sita hivi, van, mbele yake wameweka boga la bluu-kijani, rangi kama ya milango ya maduka ya kwetu Tanga. Kwa asiyejua, boga la rangi hiyo lina maana yake: hapa mtoto mwenye aleji atapata kitu kisicho chakula, stika, penseli, chochote. Lilianzia Tennessee, na tangu 2014 limeenea nchi nzima. Mwanangu analijua boga hilo kuliko anavyojua namba ya nyumba yetu. Alikimbia jamani, amevaa vazi la nyuki, mabawa yamepondeka chini ya jaketi, ndoo kainyanyua juu. Yule mama akatumbukiza viwili. Nachungulia, Reese's. Siagi ya karanga tupu!

Nikamuuliza kwa adabu kabisa, samahani, hili boga si la watoto wa aleji? Akacheka. Eti aliipenda tu rangi, imeendana na mapambo. Nikasema sawa, ila mtoto kaamini. Akanijibu, "Si umtolee mwenyewe mkifika nyumbani?" halafu akamgeukia mwenzake, kwa sauti ya mimi kusikia, kuna watu wanataka sherehe nzima isimame kwa ajili yao. Foleni yote kimya. Binti yangu akafunika ndoo kwa mkono akaniambia, mama twende, sitaki tena.

Nilimfuata muandaaji, kijana kavaa fulana yao, akanipa jibu la ajabu eti kila gari linajitegemea. Linajitegemea vipi na tangazo mmeandika ni salama kwa watoto wote? Hapo nikaapa mwakani ni nyumba kwa nyumba, theluji ije isije. Sisi utotoni siku ya Idi tulizunguka mtaa mzima na nguo mpya kutafuta mkono wa Idi, hata sie wa kanisani tulijipenyeza, na hakuna aliyetufokea. Ingawa pale kila mtu alijua mimi ni mtoto wa nani, hapa jirani wa mlango wa tatu simjui hata jina, kwa hiyo sijui namdanganya nani.

Tunatoka, karibu na geti kuna mzee na pikapu kuukuu, mapambo hana, ana taa moja na boksi la chaki za rangi. Nafikiri alisikia yote. Akavaa miwani, akamwomba binti yangu ndoo, akawasha tochi ya simu na kuanza kusoma yale maandishi madogo nyuma ya kila pipi, moja moja, vidole vinamtetemeka kwa baridi. Za karanga upande huu, salama upande huu. Dakika kumi nzima, na foleni ya watoto nyuma yake ikangoja tu, hakuna aliyekufa.

Kwa hiyo nyota moja. Haya, mbili, ya pili ni ya mzee wa pikapu peke yake wasije wakajigawia. Binti kashaanza kuuliza kama mwakani yule babu atakuwepo, na mimi sijamjibu.

Zile Reese's alikula baba yake, nje kwenye gari, akanawa mikono mara mbili ndo nikamfungulia mlango.